Fundi wa Force Akaunti alipwe kwa tarehe, si kwa hisani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloachwa pembeni kila mjadala wa kujenga shule na vituo vya afya kwa njia ya Force Akaunti, ambapo kamati za eneo husimamia ujenzi na fundi hutoa nguvu kazi tu, unapozuka. Husemwa mengi kuhusu saruji inayopungua ghalani, mabati yasiyokidhi viwango na majengo yanayochelewa kukamilika. Viongozi wakifika kukagua huuliza kwa nini kazi imesimama, na aghalabu anayesukumwa mbele ajibu ni fundi. Swali ambalo sijasikia likiulizwa mbele ya kamera ni hili: fundi huyo alilipwa lini mara ya mwisho, na karatasi yake ya malipo iko mezani kwa nani?

Ninaandika nikiwa mkandarasi wa majengo wa daraja la saba, yaani la chini kabisa, niliyeanza kazi kwa kuchanganya zege na kubeba tofali, na ambaye bado huchukua kazi za ufundi pekee pale zinapopatikana. Ninachotaka kusema ni kwamba fundi anayejitegemea katika miradi ya umma analipwa bila tarehe. Mkataba wake unataja kiasi, unataja hatua za kazi, unataja hata adhabu ya kuchelewa, lakini siku ambayo fedha zinapaswa kumfikia baada ya hatua kukamilika haimo. Kwa hiyo mtu mwenye mtaji mdogo kuliko wote waliotia saini karatasi ile ndiye anayeikopesha halmashauri, tena bila riba na bila kuulizwa kama anao uwezo.

Kwa wasioufahamu utaratibu wenyewe, nieleze kidogo. Katika Force Akaunti serikali haimkabidhi mkandarasi mmoja kazi nzima. Fedha huingizwa katika akaunti ya shule au ya kituo, kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi huundwa kutokana na watumishi na wananchi wa eneo hilo, vifaa hununuliwa na kamati, na fundi huingia mkataba wa kutoa nguvu kazi tu. Siupingi utaratibu huu, kwa kuwa umewapa kazi mafundi wengi ambao wasingeweza kushindana katika zabuni kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2021, Tanzania ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kwa makadirio ya shilingi milioni 20 kwa kila chumba. Kasi ile iliwashangaza wengi. Waliotoa jasho lake ni mafundi wa kata na vijiji, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye vibao vya uzinduzi, na wala hatudai yaandikwe.

Malipo ya fundi hugawanywa kwa hatua: kuchimba msingi hadi kumwaga jamvi (zege la sakafu ya chini), kuinua boma (kuta) hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua na kuezeka, kisha umaliziaji wa plasta, sakafu, rangi na kufunga milango na madirisha. Mgawanyo huu ni wa haki na kila fundi anauelewa. Kasoro iko kati ya hatua kukamilika na fedha kutoka, na ningependa msomaji aione kwa karibu.

Boma likifika kwenye lenta, fundi humjulisha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na mwenyekiti humjulisha mhandisi wa halmashauri, ambaye huenda anasimamia miradi mingi katika kata zilizotawanyika na gari la idara ni moja. Mhandisi akifika hufanya kazi yake vizuri: hushusha timazi kwenye kona, huweka pima maji juu ya lenta, huhesabu kozi, hugonga zege pale mbao za fomu zilipoondolewa, na kama kuna mahali nondo imeonekana nje huamuru pabomolewe, jambo ambalo fundi mwaminifu hawezi kulilalamikia. Anapoondoka ndipo safari ya karatasi inapoanza. Inahitaji saini ya mwenyekiti wa kamati, ya mkuu wa shule na ya mtendaji, kisha muhtasari wa kikao kilichoidhinisha malipo, kisha barua ya kwenda wilayani. Mkuu wa shule yuko kwenye semina Dodoma. Akirudi, kikao hakikutimiza akidi kwa sababu wajumbe wawili wamekwenda shamba. Kikao kikikaa, mhasibu anasema muhtasari hauna mhuri. Mhuri ukipatikana, mfumo wa malipo una hitilafu, na neno hilo “mfumo” likishatamkwa hakuna wa kubishana nalo, maana halina ofisi wala kiti unachoweza kwenda kukaa mbele yake.

Katika muda wote huo hakuna mtu aliyekataa kulipa. Kila mmoja anakubali kwamba fundi anadai, kila mmoja anamsihi avumilie, na hakuna kanuni hata moja aliyoivunja kwa uwazi. Ndiyo maana malalamiko yetu hayana pa kuandikwa: hakuna dhuluma ya mtu mmoja, kuna uzembe uliogawanywa kwa watu wengi hadi kila mmoja anabaki na kipande kidogo ambacho hakimsumbui usingizi.

Sasa tufanye hesabu. Chukua fundi aliyekubali ufundi wa vyumba viwili kwa shilingi milioni 4, na asilimia 55 ya fedha hizo, yaani milioni 2.2, inastahili kulipwa boma likifika lenta. Ana waashi wawili anaowalipa 25,000 kwa siku na vibarua wanne kwa 12,000 kila mmoja, ambayo ni 98,000 kwa siku au 588,000 kwa wiki ya siku sita. Wiki tatu za kazi zinamgharimu 1,764,000, na hizo hulipwa jioni au Jumamosi, kwa sababu saidia fundi hawezi kuambiwa asubiri muhtasari wa kikao ndipo watoto wake wale. Faida ya hatua hii, kabla ya nauli, vocha na chakula cha fundi mwenyewe, ni 436,000. Kama alikuwa na akiba ya laki tano na kitu, amekopa takriban milioni 1.2 mtaani kwa wale tunaowaita kausha damu. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, malipo yakichelewa miezi miwili riba peke yake ni 480,000. Amejenga madarasa ya umma na ametoka na hasara, na hasara hiyo haitaonekana katika taarifa yoyote ya mradi, kwa kuwa kwenye vitabu atahesabiwa kuwa alilipwa kila senti ya mkataba wake.

Wapo watakaouliza kwa nini asikope benki, au asiombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Benki inataka dhamana, na mkataba wa ufundi usio na tarehe ya malipo si dhamana inayomvutia ofisa mikopo. Mikopo ya halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini fundi wa miaka 50 mwenye mkataba wake mwenyewe hayumo humo.

Ubaya huzidi kila inapokaribia tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa serikali. Kuanzia Mei kila ofisi inakimbizana na matumizi, na fundi huhimizwa afanye kazi usiku na mchana ili hatua ifungwe kabla fedha hazijarudi Hazina. Asiyekuwa na bahati humaliza kazi wiki ya mwisho ya Juni, halafu akaambiwa malipo yamefungwa, asubiri mwaka mpya ufunguliwe. Kuanzia Julai husubiri tena bakaa, yaani fedha zilizosalia mwaka uliopita, ziidhinishwe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hupata nafuu kidogo, kwani mara nyingi hatoi mzigo hadi aone hati ya manunuzi au fedha yenyewe. Nguvu ya mwili wa mtu haina ghala la kuizuia namna hiyo; tofali likishapangwa limepangwa.

Jambo la kodi nalo halina budi kuguswa, kwa sababu ndilo linalozua ugomvi siku ya malipo. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania Bara, anayelipia huduma ya mkazi wa nchi katika shughuli ya biashara au ya serikali anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Pale mkandarasi anapotoa vifaa na kazi pamoja, sehemu ya huduma huhesabiwa kuwa mbili ya tano ya malipo, hivyo makato yanakuwa asilimia 2 ya jumla. Lakini fundi wa Force Akaunti hutoa huduma tupu, kwa hiyo hukatwa asilimia 5 kamili. Katika mfano wetu ni shilingi 200,000 kwa mkataba mzima. Silalamikii kodi. Ninacholalamikia ni kwamba mafundi wengi hawaelezwi makato haya wakati wa kupatana bei, na baada ya kukatwa hawapewi cheti cha kodi ya zuio, ambacho ndicho kingewawezesha kuhesabiwa fedha hizo wanapokadiriwa kodi yao ya mwaka. Bila cheti, mtu hukatwa shuleni, kisha anakadiriwa upya ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kana kwamba hajawahi kulipa kitu. Mhasibu wa halmashauri anayekata kodi bila kutoa cheti amefanya nusu ya kazi yake, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa ya fundi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wapo mafundi wanaochukua advansi wakatokomea. Wapo wanaoshika kazi nne kwa wakati mmoja na kuwaacha vibarua wasio na ujuzi wakipiga plasta inayodondoka kabla ya mvua za kwanza. Kamati iliyowahi kuumwa hivyo ina haki ya kuogopa. Lakini dawa ya hofu hiyo ipo tangu zamani katika taaluma ya ujenzi, nayo ni kushikilia sehemu ndogo ya malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe, ili kasoro zikijitokeza ziwe na fedha ya kuzirekebisha. Ikishikiliwa asilimia 5 au hata 10 kwa miezi sita, tena ikiwa imeandikwa wazi, hakuna fundi wa kweli atakayekimbia. Kuchelewesha malipo yote hakumzuii tapeli hata kidogo, kwani tapeli hutaka advansi tu na hiyo ameshaipata. Anayeumizwa ni yule aliyebaki kazini hadi mwisho.

Niseme pia kuhusu sheria, maana mara nyingi tunaambiwa, “Kama unadai, nenda mahakamani.” Fundi aliyejenga nyumba ya mtu binafsi akanyimwa ujira anaweza kufungua madai Mahakama ya Mwanzo, karibu na anapoishi, kwa Kiswahili, hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, kwa kuwa sheria yetu ya mikataba haikatai makubaliano ya mdomo. Fundi huyo huyo akijenga darasa la serikali na kudai shilingi 700,000, mambo yanabadilika kabisa. Sheria ya mashauri dhidi ya serikali inamtaka atoe kwanza notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri lake Mahakama Kuu. Na tangu marekebisho ya mwaka 2020 masharti hayo yanazihusu pia mamlaka za serikali za mitaa. Hata akishinda, mali ya serikali haikamatwi kufidia deni. Naelewa sababu za kulinda mali ya umma, kwani hakuna anayetaka gari la wagonjwa lipigwe mnada kwa deni la plasta. Hata hivyo, kumpeleka Mahakama Kuu mtu anayedai laki saba ni sawa na kumwambia asamehe, na wanaomwambia hivyo wanalijua hilo.

Kwa sababu hiyo, suluhisho haliwezi kuachwa mahakamani. Linapaswa kuwekwa ndani ya mkataba kabla tofali la kwanza halijapangwa. Ofisi ya Rais, TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, ndiyo inayotoa miongozo kwa halmashauri, na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma ndiyo inayosimamia kanuni chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Kwa pamoja zinaweza kutoa mkataba wa mfano wa ufundi, kwa Kiswahili, wenye kurasa mbili tatu, utakaosema kwamba kazi iliyotangazwa kukamilika ipimwe ndani ya siku tano za kazi, na mhandisi asipofika, fundi sanifu wa kata jirani au mwingine aliyeteuliwa mapema apime badala yake. Kwamba malipo yatoke ndani ya siku 14 tangu kupimwa. Na kwamba fedha ya ufundi itengwe peke yake tangu mwanzo, isiguswe kununulia mabati bei ya mabati inapopanda. Hili la mwisho nalisisitiza zaidi ya yote. Nimeona mara nyingi kwamba vifaa vikizidi makadirio, fungu linaloliwa kwanza ni la fundi, kwa matumaini kwamba nyongeza itatoka wilayani. Mwenye duka hakubali matumaini, kwa hiyo fundi ndiye hulazimishwa kuyapokea.

Saini nazo zipunguzwe. Aliyepima ni mhandisi na mwenye akaunti ni mkuu wa shule. Wakisaini hao wawili pamoja na mwenyekiti wa kamati panatosha, na kila mmoja awe na mtu wa kukaimu nafasi yake anaposafiri. Muhtasari wa kikao unaweza kuidhinisha hatua zote nne siku ya kusaini mkataba, kwa sharti la kupimwa, badala ya kuitisha kikao kipya kila mara kana kwamba kamati inajadili upya kama darasa linahitaji kuta. Na pale halmashauri inapochelewa kupita siku zilizoandikwa, fundi aruhusiwe kusimamisha kazi bila kuhesabiwa kuwa ndiye aliyeichelewesha. Leo akisimama anaitwa mkorofi, na kazi ijayo hapewi.

Kwa upande wa sekta binafsi nitagusia jambo moja tu. Makandarasi wakubwa wanapowapa kazi ndogondogo mafundi wa umeme, mabomba na rangi, hupenda sharti la “nikilipwa nitakulipa”, na serikali ikichelewa kumlipa mkubwa, mdogo hukaa bila kitu ilhali hana hata nakala ya hati ya madai iliyopelekwa wizarani. Uingereza ilipiga marufuku masharti ya namna hiyo katika mikataba ya ujenzi kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale anayemlipa mkandarasi mkubwa anapofilisika, na ikaweka utaratibu wa mwamuzi anayetoa uamuzi wake ndani ya siku 28. Sisi tunalo Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na lenye uzoefu wa kushughulikia migogoro ya mikataba mikubwa. Likipewa uwezo wa kusikiliza madai madogo ya mafundi mikoani, kwa ada ambayo mwashi anaweza kuimudu, makandarasi wakubwa wataanza kusoma upya mikataba yao.

Wabunge huanza kupitia bajeti za wizara kila Aprili, na makadirio ya TAMISEMI huwa miongoni mwa yanayojadiliwa kwa muda mrefu. Namwomba mbunge yeyote atakayesimama kuuliza ni maboma mangapi yamekamilika jimboni mwake aongeze swali la pili: kati ya hayo, ni mangapi ambayo mafundi wake bado wanadai, wanadai kiasi gani, na tangu lini. Jibu litolewe kwa jina la kila halmashauri, nalo lichapishwe.

Mkandarasi wa daraja la saba,
Morogoro.